Mja Akimkurubia Mola Wake: Majibu kwa Barua Tatu za Wasomaji

Barua tatu za toleo hili zimetoka Tanga, Mombasa na Lamu. Walioziandika hawajuani, lakini kila mmoja anauliza kwa njia yake ni umbali gani uliopo kati ya mwanadamu na Mungu, na ni nini hasa kinachotokea umbali huo unapopungua. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya zile nyingine mbili yanaitegemea.

SWALI LA KWANZA

Assalamu alaykum, Ustadhi. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Katika darsa iliyofuata zikri ya usiku wa kuamkia Ijumaa, sheikh wetu wa Qadiriyya, twarika yetu ya Kisufi, alisema kwamba mja akizama katika kumtaja Mola wake hufika mahali ambapo hajioni tena, haoni ila Yeye. Nilipomsimulia kaka yangu, ambaye amesoma nje na hazipendi twarika, alinikemea. Alisema hayo ni maneno ya watu wanaodai kuwa mtu anaweza kugeuka Mungu, na kwamba nikiendelea kuhudhuria nitatoka katika tauhidi, yaani kumpwekesha Mungu. Nampenda kaka yangu na namheshimu sheikh wangu. Naomba unieleze hali hiyo waiitayo fanaa ni nini, na kama kweli inamfanya mtu awe kitu kimoja na Muumba wake.
— Msomaji, Tanga

JIBU

Waalaykumu s-salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa ni kwamba hukuomba hoja za kumshinda kaka yako. Nitajaribu kukujibu kwa namna itakayokuwezesha kuketi naye tena, kwa sababu hofu yake si ya kupuuzwa. Anailinda tauhidi, na mabwana wa njia hii walioandika juu ya fanaa waliilinda tauhidi hiyo hiyo kwa ghera isiyopungua yake.

Neno lenyewe limetoka katika Qurani. Katika Sura ya Ar-Rahman, aya ya 26 na ya 27, tunasoma kwamba kila kilichoko juu ya ardhi ni chenye kutoweka, na utabaki uso wa Mola wako, Mwenye utukufu na ukarimu. Kutoweka huko ndiko fanaa na kubaki huko ndiko baqaa. Masufi waliyachukua maneno hayo mawili wakajiuliza: ikiwa vyote vitatoweka siku moja, inakuwaje kwa mtu ambaye moyo wake umeushuhudia ukweli huo leo, angali hai, angali anakwenda sokoni na kulea watoto?

Aliyelijibu swali hilo kwa utulivu kuliko wengi ni Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, ambaye silsila ya Qadiriyya yenu, yaani mnyororo wa masheikh wake, hupitia kwake. Alipoulizwa tauhidi ni nini, alisema kuwa ni kumtenga wa Milele na kilichozuka. Kumtenga, dada yangu, wala si kumchanganya. Kwa Junayd, kinachotoweka katika fanaa ni madai ya mja juu ya nafsi yake, yaani lile "nimefanya mimi", "nataka mimi", "hiki ni changu" ambalo hutusindikiza tangu asubuhi hadi tunapolala. Aliirejesha fanaa kwenye siku ya ahadi inayotajwa katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 172, pale wanadamu walipoulizwa, "Je, Mimi si Mola wenu?" wakajibu kwamba ndiyo. Siku ile hakuna aliyekuwa na mali, jina wala ukoo wa kujivunia mbele ya Mola wake, na mwenye fanaa ni yule aliyerudi kusimama kama alivyosimama siku ile.

Imamu Qushayri wa Nishapur, aliyeandika Risala yake mnamo 1045, analiweka jambo hili karibu zaidi na maisha yetu. Anasema kwanza kwamba fanaa ni kuanguka kwa sifa mbaya na baqaa ni kusimama kwa sifa njema, na kwamba mtu hawezi kukosa moja kati ya hizo mbili. Kisha anatoa mfano ambao naupenda kuliko yote niliyoisoma katika mlango huu, nao ni wa wanawake wa mjini waliomwona Nabii Yusuf wakajikata mikono kwa visu bila kuhisi. Qushayri anauliza: ikiwa hivi ndivyo kiumbe anavyojisahau anapokutana na kiumbe mwenzake, atakuwaje aliyefunuliwa utukufu wa Haki, yaani Mungu? Ukimsimulia kaka yako mfano huu, mwambie aitazame ile mikono. Ilikatwa, damu ilitoka, na wenye mikono hawakuwa na habari, lakini hakuna hata mkono mmoja uliogeuka kuwa Yusuf. Walipotewa na hisia zao, ila kuwepo kwao hakukupungua hata kidogo. Huo ndio mpaka ambao mabwana hawa walitaka usivukwe, na kwa maneno uliyoyanukuu, sheikh wako hakuuvuka: alisema mja "hajioni", hakusema kwamba mja "hayupo", wala kwamba amekuwa Yeye.

Matatizo yalikuja pale baadhi yao waliponena wakiwa bado ndani ya hali hiyo. Sufi Hallaj alisema "Mimi ni Haki", akauawa hadharani mjini Baghdad mwaka 922, katika kesi ambayo ndani yake siasa za serikali ya Bani Abbas zilichanganyika na hoja za dini kiasi kwamba si haki kuieleza kwa upande mmoja tu. Bistami kabla yake alikuwa amesema maneno ya kujitukuza ambayo masikio ya sharia hayawezi kuyavumilia. Kuhusu kauli za aina hii, Imamu Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliiacha kazi yake ya kufundisha katika chuo cha Nizamiyya cha Baghdad ili aifuate njia hii kwa vitendo, ameandika katika Mishkatul Anwar maneno ambayo natamani kila anayezungumzia Usufi, kwa kuutetea au kuupinga, angeyasoma kwanza. Anasema kwamba watu hawa waliporudi kutoka kwenye kilele kile walikubaliana kuwa hawakuona kilichopo ila Mmoja wa Kweli, na wengine wakalewa kwa walichokiona hadi akili ikawatoka, wakasema waliyoyasema. Ulevi ule ulipotulia wakarejeshwa chini ya hukumu ya akili, ambayo ni mizani ya Mwenyezi Mungu katika ardhi, walitambua kwamba haukuwa muungano wa kweli, bali ni kitu kilichofanana na muungano, kama vile mtu aonavyo kinywaji ndani ya gilasi safi mno akadhani rangi ile ni ya gilasi. Na maneno ya wapenzi wakiwa katika ulevi wao, anasema, hukunjwa na hayasimuliwi. Kwa hiyo sioni sababu ya mwalimu wa madrasa kuyapeleka maneno ya Hallaj mbele ya wanafunzi wake, kwa kuwa hata wanaomwombea rehema na kumpa udhuru hawakuyafanya kuwa somo.

Hapa nataka nikuonye kuhusu mfano mmoja unaopendwa sana katika mawaidha, ule wa tone la maji linaloangukia baharini likawa bahari. Ni mfano mtamu, nami nauogopa. Tone ni maji na bahari ni maji, na kilichokosekana ni wingi tu. Ilhali Mungu hana sehemu wala jinsi anayoshirikiana na viumbe, na mtu hakupunguka kutoka Kwake ili aje kurudishwa. Mwenye kuutumia mfano huo huenda ana nia njema, lakini msikilizaji wake anaondoka na itikadi ambayo Junayd angeikataa.

Kaka yako huenda amemtaja, au atamtaja, Muhyiddin Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia katika Andalusia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, kwa sababu jina lake ndilo linaloambatanishwa na wahdatul-wujudi, yaani umoja wa kuwepo. Yeye mwenyewe hakulifanya neno hilo kuwa jina la mafundisho yake. Ni waliokuja nyuma yake, wafuasi na wapinzani, waliomvika. Anachofundisha katika kitabu chake kikubwa cha milango 560, Al-Futuhatul Makkiyya, ni kwamba kuwepo kwa hakika ni kwa Mungu peke Yake, na viumbe havina kuwepo vilikokuchuma vyenyewe, bali vimeazimwa. Katika Fususul Hikam, kwenye mlango unaohusu Nabii Yusuf, anaufananisha ulimwengu na kivuli. Chukua kivuli cha mnazi: si mnazi, wala huwezi kuangua dafu kutoka kwenye kivuli, lakini ukiukata mnazi hakibaki chochote cha kivuli kile, kwa sababu hakikuwa na kitu chake tangu mwanzo. Akizungumza juu ya kiumbe mbele ya Muumba, Ibn Arabi husema kwa pamoja "ni Yeye" na "si Yeye", na msomaji anayeishika nusu moja ya kauli hiyo akaiacha nyingine hupotea, ama kwa kumdhania ukafiri ambao hakuukusudia, ama kwa kuuchukua ukafiri huo akaufanya dini. Ndiyo maana wapo masheikh wa twarika wenyewe waliowazuia wanafunzi wachanga wasivisome vitabu vyake, na katika hilo nakubaliana nao kabisa. Miongoni mwa masufi pia wapo waliomkosoa. Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki mwaka 1624, alishikilia kwamba umoja huo uko katika kuona kwa mja na hauko katika kuwepo kwa vitu. Mchana, alisema, hatuoni nyota kwa sababu ya nguvu ya jua, wala hakuna mwenye akili atakayedai kwamba nyota zimekoma.

Sasa nakuja kwa mwanachuoni ambaye kaka yako huenda akampokea kuliko wote niliowataja. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alimpinga Ibn Arabi kwa ukali, lakini hakuikataa fanaa yote. Katika kitabu chake Al-Ubudiyya ameigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mtu ambaye matakwa yake kwa asiyekuwa Mungu yametoweka, hapendi ila kwa ajili Yake, hategemei ila Yeye; hiyo, kwake, ni fanaa ya manabii na mawalii waliokamilika. La pili ni la mtu ambaye moyo wake umezidiwa na anachokishuhudia hata asihisi kingine. Huyo anapewa udhuru, ingawa Ibn Taymiyya anaiona hali hiyo kuwa ni udhaifu wa moyo na wala si ukamilifu. La tatu ni la anayedai kwamba kuwepo kwa kiumbe ndiko kuwepo kwa Muumba, na huo ndio upotofu. Huyo huyo Ibn Taymiyya alimheshimu sana Sheikh Abdulqadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, ambaye twarika yenu imechukua jina lake, na akaandika ufafanuzi wa sehemu za kitabu chake Futuhul Ghayb. Mkiketi, kaka yako na wewe, mtakuta kwamba mnaikataa fanaa moja ile ile, na kwamba mgogoro wenu uko katika fungu la pili tu, ambalo hata yeye mnayemwona kuwa mpinzani hakumtoa mtu katika Uislamu kwa ajili yake.

Juu ya hayo yote kuna hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume (s.a.w.), ambayo masufi huitegemea kuliko kauli yoyote ya sheikh, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra. Mwenyezi Mungu anasema kwamba mja Wake hamkurubii kwa kitu apendacho zaidi kuliko aliyomfaradhishia, kisha mja huendelea kumkurubia kwa ibada za sunna mpaka ampende, na akishampenda huwa sikio lake analosikilia, jicho lake analoonea, mkono wake anaoshikia na mguu wake anaoendea. Wengi huinukuu wakaishia hapo. Isome mpaka mwisho: akiniomba nitampa, akitaka hifadhi Kwangu nitamhifadhi. Baada ya yote yaliyotangulia, mja angali anaomba, na angali anatafuta hifadhi, na kuomba huko kunahitaji wawili.

Lugha yetu imetuhifadhia neno zuri kwa ajili ya haya. Tunasema "mja", neno lililojengwa juu ya kitenzi "kuja", na wazee wa pwani walilitumia kwa mgeni na kwa mtumwa, wakasema "mja na maji" kwa aliyeletwa na bahari asijulikane kwao. Mbele ya Mungu sisi sote ni wa kuja. Mtume (s.a.w.) alipopandishwa katika usiku wa Israa na Miraji, akafikishwa pasipofikishwa mwingine, Qurani haikumwita usiku ule kwa cheo kingine chochote: imesema ametakasika aliyempeleka mja Wake. Pale ambapo ukaribu ulikuwa mkubwa kuliko wote, jina lililochaguliwa ni la utumwa. Kisha alirudi kwa watu wake na sala tano, na hiyo ndiyo baqaa ambayo masufi huitafuta baada ya fanaa, yaani kurudi kwenye wajibu, si kubaki kwenye ladha.

Qushayri ana mlango mzima juu ya uhuru, na anaueleza kuwa ni mja kutokuwa chini ya utumwa wa viumbe. Nikiusoma mlango huo humkumbuka Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kama Sheikh Ramiya, aliyeletwa Bagamoyo akiwa mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akasoma, akawa kiongozi wa Qadiriyya mjini humo hadi alipofariki mwaka 1931. Mji uliompokea kama mali ya mtu ulikuja kumfuata katika zikri. Yeye alikuwa anajua, kuliko wengi wetu tunaolitamka neno hili kwa wepesi, tofauti iliyopo kati ya kuwa mtumwa wa mtu na kuwa mja wa Mola.

SWALI LA PILI

Shikamoo, Ustadhi. Katika mawaidha husikia maneno "Mwenye kuijua nafsi yake amemjua Mola wake", na pia "Nilikuwa hazina iliyofichika, nikapenda nijulikane, nikaumba viumbe." Mara nyingine husemwa kwamba ni hadithi za Mtume (s.a.w.). Je, ni sahihi?
— Msomaji kijana, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kauli ya kwanza si hadithi iliyothibiti. Imamu Nawawi alisema hivyo waziwazi, na wanazuoni huinasibisha kwa Yahya bin Muadh Ar-Razi, mmoja wa masufi wa karne ya tatu ya Hijria. Suyuti aliiandikia kijitabu kizima ili kuonyesha kwamba haikutoka kwa Mtume (s.a.w.) na vilevile kuifasiri, na fasiri iliyo salama kuliko zote ni ile isemayo kwamba anayejijua kwa unyonge wake humjua Mola wake kwa nguvu Zake, na anayejijua kwamba atakufa humjua kwamba Yeye habadiliki wala hafi. Kwa fasiri hiyo, kujijua ni kuiona tofauti, jambo ambalo wengi wanaoipenda kauli hii hulisahau.

Kauli ya pili nayo haina isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, inayojulikana kwa wanahadithi. Ibn Arabi, ambaye ameijenga sehemu kubwa ya mafundisho yake juu yake, alikiri kwamba usahihi wake kwake ni kwa njia ya kashfi, yaani kufunuliwa moyoni, wala si kwa mapokezi, na ukweli wake huo ni wa kupongezwa. Maana yake haikosi mahali pa kuegemea, kwa kuwa katika Sura ya Adh-Dhariyat, aya ya 56, Mwenyezi Mungu anasema kwamba hakuumba majini na watu ila wamwabudu, na wapo wafasiri wa mwanzo walioeleza kwamba "wamwabudu" hapo ni "wamjue". Ukitaka kuizungumza maana hiyo, anza na aya. Usimpe Mtume (s.a.w.) maneno ambayo hayakuthibiti kwake, hata yakiwa mazuri namna gani, maana mapenzi kwake hayaruhusu.

SWALI LA TATU

Mwanangu Ustadhi, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Tangu nilipoolewa nasoma Ratibu l-Haddad, ule mkusanyo wa zikri na dua, kila usiku baada ya Isha, kama alivyonifundisha mama mkwe wangu. Marehemu mume wangu alikuwa akilia katika zikri mpaka ndevu zikilowa. Mimi, miaka yote hii, jicho langu ni kavu. Nasoma, namaliza, nakunja mkeka. Mnasema Mungu yuko karibu kuliko mshipa wa shingo. Mbona mimi sijausikia huo ukaribu hata siku moja? Naogopa kwamba hanitaki. Tena siku hizi magoti yananiuma, siwezi kuketi chini, na sijui kama ratibu isomwayo juu ya kiti ina adabu. Niache?
— Msomaji, Lamu

JIBU

Shikamoo, mama yangu. Usiache, na tafadhali uipokee "usiache" hii kama ombi la mwanao kabla ya kuwa jibu la ustadhi.

Aya uliyoitaja, ya 16 katika Sura ya Qaf, inasema kwamba Yeye yuko karibu zaidi na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Haisemi kwamba mtu atausikia ukaribu huo. Mshipa wenyewe uko hapo shingoni usiku na mchana, unakubebea uhai, na zinapita siku bila kuukumbuka. Ukaribu ni kazi Yake, kuuhisi ni zawadi, na zawadi humfikia huyu leo na yule kesho, kwa kipimo ambacho hatukupewa kukijua. Masufi walizitaja hali mbili, kubana na kukunjua, ambazo majina yake wameyatoa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 245, isemayo kwamba Mwenyezi Mungu hubana na hukunjua. Tazama kwamba vitendo vyote viwili ni vya Mmoja. Mume wako, Mungu amrehemu, alikunjuliwa akalia. Wewe ulibanwa ukasoma. Wako mabwana wa njia hii walioiogopa hali ya kukunjuliwa kuliko ya kubanwa, kwa sababu katika furaha nafsi hupata fungu lake, na katika ukavu haipati kitu. Miaka yote hiyo umeketi mahali ambapo nafsi yako haikulipwa chochote, na kila usiku umerudi. Rabia wa Basra, aliyefariki mwaka 801, anakumbukwa kwa dua ya mwenye kumwabudu Mungu si kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo, bali kwa ajili Yake Mwenyewe. Sikupi cheo cha Rabia, mama yangu, kwa kuwa vyeo hivyo hatuvigawi sisi, lakini mtu ambaye hajapata ladha na hajaondoka yuko karibu na maana ya dua ile kuliko anavyojidhania.

Ibn Ataillah wa Misri, aliyefariki Cairo mwaka 1309, wa Shadhiliyya, twarika ambayo huko kwetu ilienezwa sana na Sheikh Muhammad Maaruf wa Ngazija, alikujibu kabla ya bibi yako kuzaliwa. Katika Hikam anasema usiiache zikri kwa sababu moyo wako haukuhudhuria ndani yake, kwa maana kughafilika ukaacha kumtaja ni kubaya zaidi kuliko kughafilika huku unamtaja. Huenda, anasema, akakuinua kutoka kwenye zikri yenye kughafilika hadi zikri yenye kuzinduka, kisha yenye kuhudhuria, kisha yenye kutoweka kila kitu isipokuwa Mwenye kutajwa. Daraja hiyo ya mwisho ndiyo fanaa aliyoniuliza dada yetu wa Tanga, na ngazi yake inaanzia pale pale ulipo, kwenye ulimi unaosoma na moyo uliosinzia. Hakuna aliyepitia mlango mwingine.

Nikukumbushe pia kwamba Habib Abdallah bin Alawi Al-Haddad wa Tarim, aliyeikusanya ratibu unayoisoma na aliyefariki mwaka 1720, alipoteza macho angali mtoto mdogo. Nyiradi zake zinasomwa leo kuanzia Hadhramaut hadi hapo Lamu, katika msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Saleh na majumbani mwenu, nazo zimetoka kwa mtu ambaye hakuona kwa macho. Kutoona kwako usikufanye dalili ya kutotakiwa. Na yule mshairi wa visiwa vyenu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeuandika utenzi wa Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate, aliusemesha moyo wake mwenyewe kwa sababu moyo huo ulikuwa haujamsikia. Jina aliloupa utenzi wake linatokana na kufunuliwa, ilhali sehemu kubwa yake ni kuubembeleza na kuukemea moyo mgumu. Hata yeye alikuwa anabisha hodi.

Hofu yako kwamba hutakiwi nayo nimeifikiria sana. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 54, Mwenyezi Mungu anataja watu anaowapenda nao wanampenda, na masufi hawakuchoka kuonyesha mpangilio wa maneno hayo, kwamba kupenda Kwake kumetangulia. Mja hapati kulitamka jina la Mola wake usiku mmoja bila Yeye kumwezesha. Asiyetakiwa angeachwa alale baada ya Isha, na wewe hujaachwa tangu ulipoolewa.

Ama magoti, mama yangu, keti juu ya kiti. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 191, wanasifiwa wanaomtaja Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wakiwa wameketi na wakiwa wamelala ubavu. Kiweke kiti mahali penye mwanga wa kutosha kama unasoma kitabuni, soma idadi ile ile uliyofundishwa na mama mkwe wako bila kuiongeza wala kuipunguza, na usiku ambao maumivu yatakuzidi usiweze hata kukaa, isome ukiwa kitandani kwako.